Kigingi Chekundu kwenye Laini ya Kakonko

Kibondo, Jumapili mchana

Mwanangu Yustina,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko uani anafunga upya kamba ya sanduku lako, kwa sababu fundo la kwanza halikumridhisha. Nimekaa jikoni niandike kabla hujarudi, maana kusema mbele yako nimeshindwa. Tangu juzi kila nikikutazama nakuuliza kama umekula, unaniambia umekula, na tunaishia hapo.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kulala mapema, wala za watu wa kwenye treni. Hayo baba yako ameyasema mpaka majirani wameyajua. Mimi nataka ujue jambo moja ambalo nimelificha vizuri tangu barua yako ya kuitwa chuoni ifike. Ninaogopa. Ninaogopa barabara ya kwenda Kasulu na utelezi wake. Ninaogopa treni kutoka Kigoma, maana wanasema siku hizi imejaa vijana wa jeshi wanaokwenda kwenye vita huko kaskazini. Ninaogopa kwamba barua ile haikusema ukimaliza mafunzo watakupeleka wapi. Na zaidi ya yote ninaogopa kile kiti unachokwenda kufundishwa kukikalia.

Watu wananipongeza. Jana sokoni mama mmoja kaniambia, "Mtoto wa opereta naye anakuwa opereta, na yeye wa Dar es Salaam." Nikacheka naye. Yeye anaona kiti, anaona mtu ameketi kivulini huku wenzake wako shambani na jembe. Wewe pia umekua ukikiona hivyo. Ulikuwa ukipita posta kutoka shule unanikuta nimevaa kisikilizio, nachomeka waya hapa, nachomoa pale, unaniomba ufunguo wa nyumba, unaondoka.

Nilijifunza kazi hii Kasulu kabla hujaanza shule, na aliyenifundisha ni Bwana Rashidi, ambaye baadaye alihamishiwa hapa Kibondo akawa mkuu wetu wa posta. Mtu wa Ujiji, mpole, mwenye kanzu nyeupe kila Ijumaa hata matope yakiwa magotini. Siku ya kwanza hakunigusisha chochote. Alinivika kisikilizio akaniambia, "Sikiliza laini ambayo haina mtu." Nikasikiliza. Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Rudia." Nikarudia mpaka nikaanza kusikia kumbe ule ukimya una sauti. Laini nzima, hata kama hakuna anayesema, ina kama pumzi, upepo unapita kwenye waya huko maporini na wewe unausikia. Laini iliyokatika haina. Imefunikwa, kama kuweka sikio kwenye chungu chenye mfuniko. Wewe huko watakufundishia mitambo mipya, labda haina habari ya pumzi, lakini mimi ndivyo nilivyojua, na hilo lilikuja kunifaa.

Makosa nilifanya mengi. Laini zetu za huku, unajua, waya mmoja unabeba simu nyingi. Kila nyumba inapewa mlio wake: huyu mrefu mmoja na mfupi mmoja, yule mifupi mitatu, ili kila mtu ajue anapoitwa ni yeye. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliongeza simu ya mwenye mashine ya kusaga nikampa mlio uleule wa parokia, kwa kutokuangalia. Wiki nzima padri alikuwa akiinua mkonga wa simu anasikia habari za mahindi na pombe ya harusi, na mwenye mashine anaulizwa saa ya kitubio. Watu walicheka. Bwana Rashidi hakucheka. Aliniketisha akasema, "Leo ni pombe. Kesho atakuwa mgonjwa anaita daktari, anaitika mtu mwingine." Tangu siku hiyo nikimpa mtu mlio mpya ninawapigia wote walio kwenye waya ule, mmoja mmoja, nisikie nani ameitika kabla sijasema kazi imekwisha. Wananiona msumbufu. Nakuomba na wewe uwe msumbufu hivyohivyo.

Na kiangazi, simu zikianza kunong'ona, kabla ya kumlaumu mtu yeyote nenda nyuma ya jengo ulipozikwa waya wa ardhini, uumwagie maji ya chumvi. Dunia ikikauka hata simu hazisemi. Lakini naona naanza kuzunguka. Nimekaa hapa kukueleza siku ya daraja, na mkono unakwepa.

Ulikuwa kwa bibi yako Kitanga masika ile. Ulirudi ukamkuta baba yako ana kidonda mkononi, ukaambiwa ni waya. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Mwaka ule watu wa ng'ambo walikuwa wanavuka mpaka kwa wingi, familia na vyungu vyao na mikeka yao, wakikimbia mauaji kwao. Malori yalikuwa yakiwaokota huko Kakonko na kuwateremsha huku. Siku moja kabla, Kakonko walikuwa wamenipigia kusema lori litateremka kesho mchana, limejaa akina mama na watoto, tuwaarifu watu wa hospitali. Nikawaarifu. Usiku ikanyesha mvua ya kuvunja mapaa, na asubuhi laini ya Kakonko ilikuwa imekatika.

Baba yako alichukua kamba zake, koleo na ile simu yake ya begani ya kupimia, akapanda baiskeli. Kabla hajatoka alikuja mezani kwangu kama kawaida, nami mbele yake nikachomeka kigingi chekundu kwenye tundu la laini ile. Unakijua kile kigingi, kipande cha mti tu, baba yako alikichonga mwenyewe. Maana yake ni kwamba kuna mtu kwenye waya na hakuna ruhusa ya kupiga. Mlio tunaopiga sisi kwa kuzungusha mpini, kwa aliye nyumbani ni kengele. Kwa aliyeko juu ya nguzo, ameshika waya kwa mikono mitupu, nguzo imelowa, ni shoti ya kumrusha. Nimewahi kumwona fundi aliyerushwa Kasulu. Aliishi, lakini hakutembea tena. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: kigingi kikishaingia, ni fundi atakayepiga kwanza kusema yuko chini. Mimi sipigi.

Adhuhuri akaingia mtu amelowa, mwalimu wa shule ya barabarani, baiskeli ameiangusha mlangoni. Akasema, "Daraja limekwenda. Daraja lote. Maji yamelibeba."

Nikamwuliza, "Umemwona fundi wetu?"

Akasema, "Sikuona mtu. Nimeona maji."

Nataka ujue, mwanangu, kwamba pale nilitoka mwilini. Sijui namna nyingine ya kusema. Niliona mdomo wa mwalimu unaendelea kusema na sikusikia. Baba yako alipaswa kulivuka daraja lile asubuhi ili afike kwenye laini iliyokatika, upande wa pili, pale waya unapoacha barabara na kukata msituni, mahali unapokatika kila masika. Ama alivuka, ama alikuwa juu yake.

Bwana Rashidi ndiye aliyekumbuka lori. Alitoka ofisini kwake akasimama nyuma yangu. "Lile la watu limeshatoka Kakonko?" Nikamwambia bila shaka limetoka. Barabara inapoteremka kwenye daraja lile ina kona, na chini ya kona dereva haoni kitu mpaka amefika. Kwa matope yale, na uzito ule, hata angeona asingeweza kulisimamisha. Palikuwa na simu moja tu kabla ya mteremko, dukani kwa Bi Zuhura, kwenye laini ileile yenye kigingi.

Bwana Rashidi akasema, "Mpigie Zuhura."

Nikasema, "Fundi yuko juu."

Akasema taratibu sana, "Binti yangu, daraja limekwenda. Hatujui kama kuna mtu juu."

Alimaanisha baba yako amekufa. Hakutaka kulitamka. Nami nilijua kwamba huenda anasema kweli, na kwamba kama ni kweli basi nalinda mikono ya maiti na kuwaacha watoto wa watu waende mtoni. Lakini nilijua kitu kingine, nikamwambia. Laini imekatika. Nikipiga kabla haijaungwa, mlio haumfikii Zuhura, unaishia pale ilipokatika, na kama kuna mtu pale ndiye utakayempata. Itatufaa kupiga ikishaungwa tu, na ikishaungwa ina maana kuna mtu hai ameiunga, na huenda bado mikono yake iko kwenye waya.

Akasema, "Jaribu hata hivyo. Ni amri." Akanyoosha mkono kwenye mpini.

Nilichomoa waya wa kuunganishia nikaushika kifuani. Mkuu wangu, mtu aliyenipa kazi na kunifundisha, nilimnyima waya kama mtoto anayenyang'anywa kiazi. Nilikuwa natetemeka hata kiti kilikuwa kinagonga sakafu. Tukatazamana. Kisha yeye akaurudisha mkono, akavuta kiti cha mteja, akakaa, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Sikumshinda, Yustina, usije ukasimulia hivyo. Alikuwa anaogopa kama mimi, na hakuna kati yetu aliyejua nani yuko sahihi.

Sauti ya mtu haina shoti. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Kwa hiyo nilirudisha waya, sikugusa mpini, nikafungua njia ya kusema, nikaanza kusema kwenye laini iliyokufa. "Hapa Kibondo. Yeyote anayesikia, hapa Kibondo." Hakuna aliyekuwepo wa kunisikia. Chungu na mfuniko wake. Niliendelea kusema, nikawa nanyamaza kidogo kusikiliza, nasema tena. Sijui kwa muda gani. Mwalimu alitoka, akarudi na watu wawili na kamba, wakaondoka kuelekea mtoni kwa miguu. Mvua ikaanza upya. Kuna wakati niligundua sisemi tena habari za daraja, namwita baba yako kwa jina lake, Gervas, Gervas, jina ambalo sijamwitia mbele za watu tangu uzaliwe.

Kisha mfuniko ukaondoka.

Siwezi kukueleza vizuri kuliko hivyo. Pumzi iliingia masikioni mwangu, upepo wa laini ndefu, na ndani ya upepo ule nikasikia cherehani. Mguu unakanyaga, unapumzika, unakanyaga. Mume wa Bi Zuhura anashona kwenye baraza la duka lao, na simu yao iko ukutani karibu na mlango. Maana yake kulikuwa na mtu ameinua mkonga dukani kule. Na maana yake ya kwanza kabisa, ambayo ilinipiga kabla ya hiyo, ni kwamba kuna mikono imeunga waya.

Nikasema, "Bi Zuhura."

Cherehani ikasimama. Nilimsikia mtu akivuta pumzi. Hakujibu.

Nilijua kwa nini hajibu. Bi Zuhura alikuwa na tabia ya kuinua mkonga kusikiliza simu za wengine. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuja posta kununua stempu, nami mbele ya watu wote nikamwambia kwamba nikimkamata tena nitaomba aondolewe simu. Mama mtu mzima, wa rika la bibi yako, nilimsema kama mtoto mbele ya foleni. Nilijiona ninaweka kazi sawa. Sasa alikuwa ameinua mkonga kuona kama simu imepona, akaisikia sauti yangu ileile, akadhani nimemkamata. Alikuwa amesimama na mkonga sikioni, ananisikiliza, anaona haya, na lori liko njiani.

Nikimpigia mlio asingekuwa na namna ya kutoitika. Mkono wangu ulifika kwenye mpini, nakwambia ukweli. Ulifika na ukakaa pale. Kisha nikauondoa, nikasema, "Mama yangu, najua upo. Sikugombezi. Nisamehe yale ya siku ile. Nakuomba unisikilize, usikate."

Hakukata.

"Daraja limevunjika. Kuna lori la wakimbizi linateremka kutoka Kakonko, lina watoto. Likipita hapo kwako wanakufa wote. Mama, nakuomba."

Akasema, "Nipo, Mama Yustina. Lori lipi, hili ninalolisikia?"

Na mimi nikalisikia. Ndani ya simu, mbali, injini inalia barabarani. Mkonga ulianguka ukawa unagonga ukuta. Nikasikia anaita jina la mumewe, nikasikia kiti kinaanguka, kisha mvua tupu na injini inakua, inakua, mpaka nikafumba macho. Bwana Rashidi alikuwa amesimama, mkono wake uko begani mwangu na mwingine umeshika meza.

Injini ikazimika.

Kilichotokea nilikisikia baadaye kwa Bi Zuhura mwenyewe, na wewe umemsikia mara nyingi akisimulia, ila hukujua upande wa huku. Alisimama katikati ya barabara kwenye matope, amepanua mikono, mtandio umemtoka. Dereva alipiga honi, akatoa kichwa akatukana, alidhani anaomba lifti. Hakuondoka. Lori lilisimama karibu naye kiasi cha kumrushia tope usoni. Mama Spesioza anayetuletea maharage alikuwa ndani ya lori lile, mtoto wake mdogo mgongoni. Mpaka leo akipita dukani kwa Bi Zuhura anamsalimia kwa kupiga magoti, na Bi Zuhura anamkataza.

Wenzangu walishangilia pale posta. Bwana Rashidi alilia bila kujificha. Mimi sikuweza kunyanyuka, kwa sababu kigingi kilikuwa bado mahali pake na baba yako alikuwa hajapiga. Fundi akishaunga waya anashuka, anabandika simu yake, ananipigia. Ndivyo tulivyokubaliana. Mpaka jioni laini haikulia. Niliendelea kusikiliza pumzi ya laini ile mpaka Bwana Rashidi akanivua kisikilizio kwa nguvu, akanisindikiza nyumbani. Sitakuandikia habari za usiku ule.

Alfajiri baba yako alikuja kwa miguu, baiskeli ameiacha. Kurudi, alikuwa amepanda mpaka juu kabisa kunako vijito ndipo akapata pa kuvukia. Simu yake ya kupimia ilikuwa imeangukia majini jana yake asubuhi alipokuwa akivuka kwenda, na pale msituni ni mbali na simu nyingine yoyote, na mkanda wa kumshikilia kwenye nguzo ulikuwa umekatika, kwa hiyo alipanda bila mkanda, akaunga waya akiwa amekumbatia nguzo kwa mapaja, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye waya. Nilipomwona mlangoni sikumkimbilia. Niliuliza, "Ningepiga, ungeanguka?"

Alikaa kizingitini anavua viatu. Akasema, "Sijui." Baadaye akasema, "Lakini nilipopanda sikulifikiria hilo. Nilijua kigingi umekiweka." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nimekwambia yote haya na bado sijui nilitaka kukufundisha nini. Nikisema niliamua vizuri, najua kwamba kama Bi Zuhura asingeinua mkonga kwa tabia yake mbaya, leo ningekuwa ninaandika barua nyingine kabisa, au nisingeweza kuandika. Nikisema ni bahati, basi mbona mkono wangu niliuondoa mwenyewe kwenye mpini? Nililojifunza hakika ni kidogo. Kwenye kila waya utakaoushika kuna mtu usiyemwona. Mara nyingi yuko salama, amekaa kitini kwake, anangoja habari za harusi. Lakini wewe hujui ni siku ipi yuko juu ya nguzo. Watu wakubwa watasimama nyuma yako na haraka zao, nyingine za kweli kabisa, na mikono yako itatetemeka. Iache itetemeke. Mimi hadi leo nikichomeka kigingi kile vidole vinapoa.

Na usimseme mtu mzima mbele ya foleni.

Sasa nasikia baba yako anaongea na mtu getini, nadhani umerudi. Nitaiweka barua hii ndani ya kitenge cha bluu, uikute ukishafika. Kesho stendi usinisubiri niseme neno la maana. Nitakuuliza kama umekula.

Jambo la mwisho. Ukipata nafasi ya kupiga simu huku, itapita mikono mingi, Tabora, Kigoma, Kasulu, na kila mahali kutakuwa na opereta mwenzetu ameweka sikio. Ikifika hapa nitakayeitika ni mimi. Nitasema, "Kibondo, nikuunganishe na nani?" kwa sauti ya kazi, kama ninavyomwambia kila mtu. Usivunjike moyo, mwana wanje, mwanangu, usidhani sijakujua. Wewe taja jina lako taratibu, lote, kama mgeni, halafu nyamaza kidogo kabla ya kusema shida yako, nikusikie unavyopumua.

Mama yako